Mwanamke wa Ukingo wa Shaba

Siku ya arobaini na nne Bi Ukingoni alipanda tena hadi kwenye mstari, akaugonga kwa mpini wa kisu chake. Aligonga kwa adabu, ile adabu ya mtu aliyekaza meno.

Mstari huo, kwa heshima zote zinazoustahili, ulikuwa mwisho wa dunia kwa waliokuwa ndani na mwanzo wa dunia kwa aliyekuwa nje. Dunia yenyewe ilikuwa bamba la shaba, ukubwa wake kama sinia la kupakulia wali wa watu wanne. Siku moja isiyo na tarehe, Mkono ulikuja kutoka juu. Wenyeji waliuita hivyo kwa sababu hawakuwahi kuona kilichoushikilia. Mkono ulipaka shaba nta, ukachukua sindano, ukakwaruza katika nta ile karamu nzima ya Wamisri wa kale: nguzo, mitungi, mpiga kinubi, wageni ishirini na mmoja, na mwenye nyumba akinusa ua la yungiyungi. Kisha ukalilaza bamba katika tindikali, nayo tindikali ikala kila mahali sindano ilipopita. Hivyo basi kila mtu katika dunia ile alikuwa jeraha lililojazwa wino. Walikuwa majeraha, nao walikuwa na majivuno.

Mkono haukuijua Misri hata kwa harufu. Ulikuwa unanakili picha ya rangi iliyotundikwa mbele yake, picha ya mkono mwingine. Na mkono ule mwingine nao haukuijua. Uliwakusanya watu wa mji wake wa baridi, ukawavua makoti, ukawafunga mashuka kiunoni, ukawaamuru wasimame kwa saa nne bila kupiga chafya. Mwenye nyumba, Bwana Ankhu, bwana wa maghala na mifugo, alikuwa muuza nyama mwenye kikohozi. Mkewe alikuwa mfua nguo. Namna ya kufunga yale mashuka ilitolewa katika michoro ya wasafiri, nao wasafiri waliitoa katika kuta za makaburi, na kuta za makaburi ziliitoa kwa watu waliowahi kuishi, wakala, wakagombana, wakafa. Kwa hesabu ya watu wa bamba, mtu kadiri alivyokuwa mbali na yule aliyekula kweli ndivyo alivyokuwa na cheo. Kuwa nakala ya nakala ya nakala lilikuwa jambo la kupandisha kidevu.

Sasa Bi Ukingoni. Chini ya picha, nje ya mstari, palikuwa na kipande cheupe kisicho na kitu. Siku Mkono ulipokuwa ukingoja tindikali imalize kazi katika bamba jingine, ulichoka kungoja, ukakwaruza pale chini mwanamke wa mistari thelathini na mitatu, amekaa kitako, anamenya kitunguu. Hakuwemo katika picha ya rangi. Hakuna muuza nyama aliyekaa mbele ya mtu ili yeye apatikane. Alitoka tu, kama mluzi unavyomtoka mtu anayengoja maji yachemke. Ndiyo maana wengine wote walikuwa wamekwama katika mikao waliyopangiwa, wakizungumza bila kutikisa midomo, ila yeye. Yeye hakupangiwa mkao. Aliweza kusimama, kutembea, kujikuna, kukunja uso. Kukunja uso ndiko alikokufanya zaidi.

Siku katika dunia ile ilikuwa hivi: wino unapakwa, kitambaa kinafuta, karatasi mbichi inalazwa, rola ya chuma inapita, karatasi inabanduliwa. Hiyo ndiyo siku moja. Na desturi ya kazi ile ilijulikana na kila mtu, hata mbwa aliyelala chini ya kiti. Nakala hamsini za kwanza zingetoka na kile kichoro cha ukingoni, kwa ajili ya watu wanaopenda kuwa na kitu ambacho jirani hana. Baada ya hamsini, chuma cha kusugulia kingeletwa, ukingo ungelainishwa uwe mweupe kama ulivyozaliwa, na zile nakala elfu moja za watu wa kawaida zingechapwa bila yeye.

Zilibaki siku sita.

"Nani?" aliuliza Karani Ipuki. Alichorwa kwenye pembe ya chini, karibu kabisa na mstari, kwa hiyo yeye ndiye aliyejifanya mlango.

"Unajua ni nani, Bwana Karani. Ni yule wa jana. Na wa juzi."

"Jana ni nakala nyingine. Sema shida."

"Naomba kukaa ndani. Mahali popote. Hata nyuma ya mtungi."

"Nakala ya nani?"

"Tumeshazungumza hili."

"Nakala ya nani, Bi Ukingoni? Mimi hapa, mathalani, ni nakala ya karani wa picha ya rangi, aliyekuwa nakala ya mshona viatu, aliyevalishwa kama karani wa ukutani. Wewe?"

"Mimi ni mimi."

"Hapa hatuna sehemu ya kujaza 'mimi ni mimi'."

Daftari la Karani lilikuwa jambo la kustaajabisha. Alichorwa akiwa ameigusisha kalamu karatasini, na kalamu haikuweza kuondoka pale ilipogusa. Kwa hiyo aliandika kila kitu mahali pamoja. Wageni, mitungi, mabata ya kuchoma, maombi, majibu ya maombi, vyote viliandikwa kimoja juu ya kingine, na daftari zima lilikuwa doa moja jeusi ambalo yeye alilisoma kwa sauti ya juu bila kusita.

"Kuna njia," alisema Karani, kwa sauti ya mtu anayejipenda kwa ukarimu wake. "Lete shahidi wa ndani, aliyewahi kuwa mtu. Aseme anakutambua."

"Nitamletaje na niko nje?"

"Utapewa kibali cha kuingia kuomba kibali cha kukaa. Rola ikija, uwe umerudi ukingoni. Mambo ya kukutwa mahali si pako hatuyataki."

Akaingia. Siku hiyo na siku mbili zilizofuata alizunguka karamu kutoka mgeni hadi mgeni, na hapana kitu kinachochosha kama karamu ambayo hakuna anayekula. Vikombe vilikuwa vimeinuliwa nusu ya njia. Bata alikuwa mzima kama alivyokuwa siku ya kwanza. Aliwauliza wanawake watatu wenye nyusi nzuri kama wamewahi kuwa watu, wakamjibu kwa pamoja kwamba swali hilo ni la kukosa malezi. Mpiga kinubi alisema angependa kusaidia lakini alikuwa katikati ya wimbo. Wimbo upi? Hakujua. Alichorwa katika nyuzi, si katika wimbo.

Mwishowe akafika ukuta wa nyuma. Pale, ndani ya picha, palikuwa na picha: Mkono ulikuwa umechora michoro ya ukutani kwa haraka, kama mwanafunzi anayemalizia insha kengele ikilia. Mmoja wao alikuwa mistari sita tu, mtu aliyeinama na jembe, na jicho lake lilikuwa nukta.

"Bibie," alisema yule wa mistari sita. "Hicho ulichoshika ni kitunguu?"

"Ndiyo."

"Kimekatwa?"

"Nusu."

"Nisogezee."

Bi Ukingoni akamsogezea pale ambapo pua ingekuwa kama Mkono ungekuwa na subira.

"Naitwa Sebi," alisema hatimaye. "Nilichimba mfereji. Wa kweli, wenye matope. Adhuhuri tulikaa kwenye kingo tukala mkate na vitunguu, na mke wangu alikuwa akinikataza nisimsogelee mpaka ninawe mdomo. Nilimwambia ipo siku atatamani harufu ile. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nimeisahau, dada yangu. Nimepita ukutani, nimepita katika vitabu, nimepita katika rangi, nimefika hapa nikiwa jembe na mgongo. Kila waliponihamisha, kitu kilibaki nyuma. Kula. Kula chote. Hapana, wewe usile. Nipe mimi."

Hakuwa na mdomo. Bi Ukingoni alikimenya kitunguu chote, ganda baada ya ganda, akampaka kwenye mistari yake sita, mpaka mkononi hakikubaki kitu isipokuwa kisu.

"Nitakushuhudia," Sebi alisema. "Wewe ni wa kweli kuliko hawa wote."

Akarudi kwa Karani akikimbia. Ilikuwa siku ya arobaini na saba. Sebi alipaza sauti kutoka ukutani, na ushahidi wake ulisikika mpaka kwa mbwa.

"Huyo?" alisema Karani. "Huyo ni pambo."

"Alikuwa mtu! Ndiye peke yake humu aliyekuwa mtu!"

"Ndiyo maana ni pambo. Picha ya ukutani haitoi ushahidi. Ukuta ni ukuta."

"Ulisema shahidi aliyewahi kuwa mtu."

"Nilisema wa ndani. Yeye hayumo ndani, yumo ukutani." Akaliandika hilo juu ya doa. "Nenda kwa Bwana Ankhu mwenyewe. Akikubali, mimi ni nani?"

Hapo yafaa kusimama kidogo, kwa huzuni rasmi, na kutafakari. Mtu akiambiwa hayupo, afanye nini ili awepo? Akipiga kelele, wanasema ni upepo. Akinyamaza, wanasema waliona tangu mwanzo kwamba hayupo. Akileta karatasi, wanauliza ya nani. Akija bila karatasi, wanamwuliza karatasi. Bi Ukingoni aliyafikiri hayo akipita kati ya meza, na kila alipoyafikiri alizidi kukasirika, kwa kuwa hakuzaliwa kuwa mtu wa kutafakari. Alizaliwa kumenya kitunguu. Mambo ya kuwepo na kutokuwepo alisukumiwa na wengine, kama vile mtu anavyosukumiwa zamu ya kudeki choo kwa sababu tu amepita karibu na ndoo.

Bwana Ankhu alikuwa katikati ya bamba, mwanga wote ukimwangukia. Mkono ulikuwa umetumia wiki tatu kwenye shavu lake peke yake: vinukta, mistari ya unyoya, weupe ulioachwa wazi kwa makusudi. Alikuwa akitabasamu. Hakuwa na namna nyingine.

"Maskini," alisema Bwana Ankhu. "Nimesikia habari zako. Nakuhurumia sana."

"Basi niruhusu, bwana. Neno moja tu."

"Ningekuruhusu, mama. Kweli tupu. Lakini mimi nimechorwa nikinusa ua. Mtu anayenusa ua hatoi amri, ingeharibu hali. Na tena, kwa nini ukae ndani? Kila kitu kina mahali pake. Ukingo ukiwa safi, hata sisi tunapendeza. Umeshawahi kulifikiria hilo? Kufutwa kwako ni mchango."

"Na ungekuwa wewe ndiye unayefutwa?"

Ankhu akacheka bila kufungua mdomo. "Mimi? Hawawezi. Hata ningekuwa na chunusi puani, nani angethubutu? Shavu hili likiguswa na kile chuma, shaba inabonyea, kivuli cha pua kinapotea, tabasamu linapinda, bamba lote linatupwa. Kinachofutwa, mama, si kibaya. Kinachofutwa ni kile ambacho kukifuta ni rahisi."

Akasema hivyo kama mtu anayetoa nasaha kwa mtoto wa ndugu yake, kisha akaendelea kunusa. Bi Ukingoni alitazama lile shavu kwa muda. Rola ilikuwa inakuja.

Siku ya hamsini alikuwa mstarini kabla wino haujafutwa.

"Nina habari njema," alisema Karani. "Nimetafuta, nimeona nafasi. Nyuma ya nguzo ya pili, Mkono ulichoka ukajaza giza. Katika picha ya rangi, pale palikuwa na mtumishi anayebeba taulo. Alisahauliwa. Apa kwamba wewe ni nakala yake, na nafasi ni yako."

"Lakini mimi si nakala yake."

"Nani aliuliza hilo? Nimesema uape."

Moyo wa Bi Ukingoni ulikuwa mistari miwili, na yote miwili ilimwuma. Alimfikiria Sebi kule ukutani, ambaye kila alipohamishwa alibaki pungufu. Alifikiria ile nta, ile sindano, ule Mkono uliokuwa ukingoja na kumtoa yeye bila kumtazama mtu. Halafu alifikiria chuma. Akaapa. Aliapa haraka na kwa sauti ndogo, akitazama chini.

"Mimi ni nakala ya mtumishi wa taulo."

"Sikusikia."

"Mimi ni nakala ya mtumishi wa taulo!"

"Safi kabisa." Karani aliandika juu ya doa. "Sasa inabaki kuthibitishwa. Njoo kesho."

"Kesho?"

"Kesho."

"Bwana Karani, leo ni ya hamsini. Kesho sitakuwepo!"

"Basi njoo mapema."

Rola ikapita. Karatasi ya hamsini ikabanduliwa, na ndani yake Bi Ukingoni amekaa kitako na uso ambao hakuwa nao katika zile arobaini na tisa. Kisha bamba likainuliwa, likawekwa juu ya meza yenye mwanga, na juu angani kikatokea chuma cha kusugulia, laini, kimepinda kama kucha, na tone la mafuta likining'inia katika ncha yake.

Nimeapa. Nimeapa bure. Nimejikana kwa ajili ya taulo! Siku tisa, Mkono wewe, siku tisa nimegonga, nimesema tafadhali, nimesema bwana, nimesema hata nyuma ya mtungi. Hata mtungi! Na mtungi una nafasi, mtungi una kivuli chake, mtungi haukuulizwa. Mtungi ni nakala ya mtungi, hongera mtungi. Mimi ni nini? Mkwaruzo. Haya. Lakini na wao ni mikwaruzo. Sote sindano moja, sote tindikali moja. Tofauti yetu ni mahali. Ni mahali tu. Kukifuta ni rahisi, alisema. Alisema mwenyewe, yule wa ua. Alisema akitabasamu.

Tone la mafuta likaangukia ukingoni.

Akakimbia. Aliuruka mstari, na mstari, kumbe, ulikuwa mstari tu. Siku zote hizo ungeweza kurukwa na kuku. Karani alipiga kelele za kibali. Bi Ukingoni alipita juu ya meza, akakanyaga bata, akapanda goti la Bwana Ankhu, akashika mkufu, akapanda bega. Nyuma yake chuma kilikuwa kinasugua mahali alipokuwa amekaa. Mistari ya sketi yake iliyokuwa bado inaburuta kule chini ikalainika na kutoweka, kisha miguu. Hakusikia maumivu. Alisikia upungufu, kama mtu anayesahau jina huku analitamka.

"Mama," alisema Bwana Ankhu, "unafanya nini hapo?"

"Natoa mchango wangu."

Akachomeka kisu chini ya jicho la bwana na kuvuta kuelekea pembe ya tabasamu. Shaba ilipiga ukelele mwembamba. Mkwaruzo ulifunguka, mrefu, umepinda kidogo, mtupu. Mtu wa mistari haingii katika mkwaruzo mmoja akiwa na mikono na uso. Akajifumua. Uzi baada ya uzi aliuacha: nywele, kiwiko, mkunjo wa paji, ule mdomo uliosema mimi ni mimi. Kile kilichobaki kikalala ndani ya jeraha na kulijaza.

Mkono ulimaliza ukingo, ukapangusa mafuta, ukalielekeza bamba dirishani. Ukatulia. Kidole kikagusa shavu la Bwana Ankhu. Kile chuma kikashuka, kikakaa juu yake upana wa unywele. Karamu nzima, ambayo haikuwahi kushusha pumzi, ilibana pumzi. Kivuli cha pua. Tabasamu. Wiki tatu.

Chuma kikarudishwa mezani.

Ndivyo zilivyoanza zile elfu moja. Katika nakala ya kwanza Karani Ipuki alisafisha koo. "Wewe uliye shavuni. Nakala ya nani?" Hakujibiwa, kwa kuwa hapakuwa na mdomo. "Basi nitaandika: kovu. Nakala ya kovu la Ankhu wa kweli, alilopata vitani." Akaandika juu ya doa. Wageni wakaguna kwa heshima, na mmoja wao akasema daima alikuwa akiliona. Bi Ukingoni alilisikia hilo akiwa amelala katika jeraha lake. Alitaka kupiga kelele kwamba hapakuwa na vita, kwamba Ankhu wa kweli alikuwa muuza nyama mwenye kikohozi, kwamba yeye alikuwa wa kwanza wa aina yake na sasa amepewa babu wa uongo. Hakuwa na cha kupigia kelele. Alikuwepo, hilo alilipata. Lakini alikuwepo kwa jina la mwenzake, na hasira ilimjaa mpaka mstari wote ukatetemeka.

Katika nakala ya pili Bwana Ankhu alisema, akitabasamu, "Karani. Shavu linaniwasha."

"Haiwezekani, bwana. Hukuchorwa ukiwashwa."

"Nimesema linawasha!"

"Basi jikune, bwana."

Ankhu alijaribu. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika ua. Wa kushoto ulikuwa begani kwa mkewe, kwa mapenzi, kama ilivyopangwa.

"Mke wangu. Nikune."

"Nimeshika vikombe," alisema mkewe.

"Karani!"

"Kalamu yangu haiondoki hapa, bwana. Unajua."

Wageni ishirini na mmoja wakaendelea kutazama mahali walipochorwa watazame. Halafu Bi Ukingoni, ambaye hakuwa na neno lolote la kuwaambia, akajisogeza kidogo.

Zilikuwa zimebaki siku mia tisa tisini na nane.